Kitabu Kipya Kimeingia Mbeya, Nani Anaanza?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa kitu kimoja. Watu wa huku Nyanda za Juu Kusini mnataka kusoma pamoja, mnataka kuambiana vitabu vipya na kupangiana ratiba, ila kila kikundi kina mahali kinakwama. Nimefurahi kuzisoma, tena nyingine nimezirudia. Nimechagua chache, zile ndefu nimezipunguza, na walioomba majina yasitoke nimewasikiliza, kwa hiyo hapa mnatambulika kwa sehemu zenu tu.

Shangazi shikamoo. Sisi tuko tisa hapa Mbeya mjini, wengine walimu, wengine tuna biashara Mwanjelwa, mmoja dereva wa bajaji. Tunakutana Jumapili jioni Soweto kwa ajili ya vitabu. Tatizo kila mtu anakuja na kitabu chake kipya, anatuonyesha kava, anasema mwaka huu nasoma vitabu 30, tunapiga makofi, Jumapili inayofuata anakuja na kingine na kile cha kwanza hajafika hata katikati. Mwisho wa siku tunaongea Simba na Yanga. Tufanyeje? Msomaji, Soweto, Mbeya

Marahaba mwanangu. Kwanza hongereni, manake watu tisa wanaoacha shughuli zao Jumapili jioni kwa ajili ya vitabu sio jambo dogo.

Sasa tuanze na hiyo 30. Sina ugomvi na mtu anayesoma vitabu 30 kwa mwaka, wapo, ila hiyo ni hesabu ya mtu mmoja, haiwezi kuwa mpango wa kikundi, kwa sababu vitabu vyako 30 hakuna mwenzako hata mmoja aliyevisoma kwa hiyo hamna cha kuongea, wewe utasimulia na wao watasikiliza kwa adabu halafu mtu anauliza jana nani kafunga goli. Kikundi kinatakiwa kiwe na kitabu kimoja ambacho wote tisa mko ndani yake kwa wakati mmoja. Kimoja tu. Vyenu vingine kila mtu aendelee navyo nyumbani.

Na wala hamhitaji kopi tisa. Nunueni tatu. Jigaweni watatu watatu, kila kundi kopi moja, kila mtu anakaa nacho siku kumi halafu anampa mwenzake, mwezi ukiisha wote mmesoma. Riwaya ya kurasa 200 kwa siku kumi ni kurasa 20 kwa siku, na huyo wa bajaji anaweza kuzimaliza akiwa kijiweni anasubiri abiria, kuliko hata mwalimu ambaye jioni ana madaftari ya kusahihisha. Asiyeweza kasi hiyo aseme mapema, apewe zamu ya mwisho na siku za nyongeza, hakuna kuaibishana.

Halafu kila kopi itembee na kauntabuku yake. Hili nalisisitiza. Mtu kabla hajakabidhi kitabu aandike tarehe, na sehemu moja iliyomgusa au iliyomkasirisha, ataje na ukurasa. Msiandike ndani ya kitabu chenyewe, andikeni kwenye kauntabuku. Mtu wa tatu akipokea anakuta wenzake wawili wameshabishana kuhusu ukurasa wa 87, na yeye akifika pale anasoma kwa macho mengine kabisa. Nimeona kikundi kimoja huku huku Mbeya wanafanya hivi, na kauntabuku yao saivi inagombaniwa kuliko kitabu chenyewe, mama mmoja alikuwa ameandika "huyu baba simsamehei" na chini yake kijana kajibu mistari minane akimtetea huyo baba.

Wale wanaopenda kuleta vitabu vipya msiwakataze jamani, hiyo raha ya kuonyesha kitabu kipya ni ya kweli, hata mimi ninayo. Wapeni robo saa ya mwanzo, ila kwa sharti moja, ukileta kitabu uwe umeshasoma sura ya kwanza na utusomee ukurasa wa kwanza kwa sauti. Kava halitoshi. Ukurasa ukisomwa kwa sauti watu wanajua hapo hapo kama wanakitaka au la, na kikipendwa kinaingia kwenye foleni ya mwezi ujao.

Pesa sasa. Mkichanga 3,000 kila mmoja kwa mwezi mna 27,000, na miezi miwili mitatu mkiweka pamoja mnaagiza kwa mpigo. Vitabu vingi vya fasihi mtavipata Dar kuliko huku, na kwa umbali wa zaidi ya kilomita 800 ni upuuzi kuagiza kimoja kimoja, unganisheni oda mfungiwe kifurushi kimoja kije na basi. Kabla ya kulipa muombeni muuzaji apige picha ya kava na ule ukurasa wa ndani wenye jina la mchapishaji na mwaka. Kuna kopi za kudurufu zinauzwa bei ya kitabu halisi, herufi zimefifia na kurasa zinachomoka ukikifungua mara ya tatu.

Hamjaniuliza muanze na kipi ila nitawaambia tu. Anzeni na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Huyu ni mtu wetu, kazaliwa Zanzibar 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yenyewe aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, na mwaka 2022 wachapishaji Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Kiswahili ya Dk. Ida Hadjivayanis. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12 ambaye baba yake ana deni kwa tajiri mfanyabiashara, na mtoto anaondoka na huyo tajiri akidhani anaenda kutembea, kumbe yeye ndo deni lenyewe. Baadaye anaingia kwenye msafara wa biashara kwenda bara, na Wajerumani nao wako njiani wanakuja. Mwanzoni kabisa kuna sarafu, tajiri huwa anampa Yusuf kila akija nyumbani kwao. Ishikeni hiyo sarafu, Jumapili ya kwanza ongeeni hiyo tu, ni ya nini, na mama yake Yusuf anajua nini wakati huo. Nyie wafanyabiashara wa Mwanjelwa mtayasoma mambo ya deni na dhamana kwa namna ambayo profesa hawezi, na ndo maana nataka muwe wote tisa kwenye kitabu kimoja.

Kamwene shangazi! Mi nasoma chuo hapa Iringa nakaa Kihesa. Vitabu napenda ila nasoma vya Kiingereza tu, vya Kiswahili niliachana navyo fomu foo kwa sababu kila nikishika naona mtihani. Nataka mpango wa miezi sita wa Kiswahili peke yake, na nina marafiki watatu tutaenda nao. Mwanafunzi, Kihesa

Kamwene mwanangu. Mpango wako huu hapa, na nimeupanga hivi kwa sababu uko Iringa.

Mwezi wa kwanza chukueni Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi ya mwaka 1979 kuhusu Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Ni tamthilia kwa hiyo msiisome kimya, mko wanne, gawaneni wahusika muisome kwa sauti chumbani, majirani watazoea. Mkimaliza pandeni gari muende Kalenga, ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, muingie makumbusho mkaone fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na siku mkisafiri kwenda Morogoro muangalie pale Lugalo, ndipo Wahehe walipolipiga jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, Agosti 1891 na yeye mwenyewe akafa hapo hapo. Kitabu kinachoongelea ardhi unayoikanyaga kila siku hakiwezi kunukia mtihani, nakuhakikishia.

Mwezi wa pili Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka 1971, mwanzoni ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kusomeshwa hizo hizo shule. Msichana wa Ukerewe, baba mkali kupita kiasi, halafu uhuru wa ghafla akifika shule ya bweni. Pengine mliisoma fomu foo kwa ajili ya dhamira na wahusika. Isomeni tena bila swali la mtihani na muongee kama watu wazima, hasa nyie mnaoishi hosteli na kwenye magheto, kwa sababu yaliyomo bado yanatokea.

Wa tatu na wa nne wapeni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999. Miezi miwili kwa sababu ni ndefu na kwa sababu Kiswahili chake ni kitamu mno cha kukimbizwa. Zanzibar ya wakati wa Waingereza, Yasmin anaozeshwa mwanaume mzee, anatoroka, anakutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Kuna filamu yake ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ila mi nawaomba kitabu kwanza, mjenge sura za watu wenyewe kichwani ndo muje kuangalia.

Wa tano acheni wazi kabisa. Kila mmoja alete anachotaka. Mtu akiumwa, mitihani ikiingia, au kitabu kikikataa kuisha, huo mwezi unameza yote, na mpango usio na mwezi wa namna hii huwa unavunjika mwezi wa tatu.

Wa sita rudini kwa Kezilahabi, chukueni Nagona ya 1990. Ni chembamba, unaweza kukimaliza kati ya Iringa na Makambako ukikaa dirishani, ila hutakielewa safari hiyo, hakuna anayekielewa safari ya kwanza. Kisomeni mara mbili ndani ya mwezi. Nawapa mwishoni kwa makusudi, mkianza nacho mtakimbia, mkimalizia nacho mtakuwa mmeshamjua mwandishi wa Rosa Mistika na mtashangaa mtu yule yule amefikaje huku.

Shangazi, kuna mtu anatutumia mafaili ya PDF ya vitabu vipya, bure. Maduka ya huku Njombe yanauza vitabu vya shule na madaftari tu. Kuna ubaya gani? Msomaji, Njombe mjini

Shida yako naielewa kabisa, mtu anatembea mji mzima anatafuta riwaya anapata kitabu cha hesabu darasa la nne. Lakini ubaya upo, na nitausema wazi. Kitabu kikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa, mwandishi hapati kitu, na mchapishaji akiona hakiuzwi hachapi tena, halafu sisi ndo tunalalamika mbona vitabu vya Kiswahili havitoki. Kisheria pia ni kosa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili ana soko dogo tayari, wasomaji wake ndo sisi, tukimwibia sisi hakuna mwingine wa kumlipa.

Cha kufanya, huyo huyo anayetuma mafaili mpeni kazi nyingine, atume picha ya kava, jina la mchapishaji, na maneno yake mwenyewe mistari mitano kwa nini mkisome. Hiyo ni ruksa na inauza vitabu. Kama mwandishi mwenyewe ameweka kazi yake hadharani isomwe bure, someni kwa raha zenu. Zaidi ya hapo changeni, agizeni pamoja kama nilivyowaambia wenzenu wa Soweto. Na mwenye duka la vitabu hapo Njombe mfuateni watu watano siku moja mkamwambie tunataka riwaya hii na hii, tuko watano na tunalipa nusu sasa hivi. Mfanyabiashara hawezi kuagiza kitu asichojua kama kina mteja.

Wewe huyo huyo umeuliza pia vitabu vipya unavijuaje. Fuatilia tuzo, ni njia nzuri kuliko kusubiri kusikia kwa mtu. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ya kwanza ilitolewa 2023, na kuna ile ya Safal-Cornell ambayo zamani iliitwa Mabati-Cornell, ilianzishwa 2014. Chukua majina ya washindi, andika kwenye daftari, halafu waulize wachapishaji kitabu kimetoka au bado, manake miswada mingine inashinda kabla ya kuwa kitabu na inachukua muda.

Nimeazimisha kitabu tangu mwaka jana hakirudi na aliyekichukua ni shemeji yangu. Vwawa

Nenda kwake na kitabu kingine mkononi, mwambie shemeji nimekuletea hiki tubadilishane na kile. Atakitafuta. Kuanzia leo kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari mbele ya anayeazima, jina na tarehe, hata awe mama mkwe.

Mimi ni mstaafu niko Mafinga. Nimejiunga na vijana wanaosoma vitabu hapa kwetu. Kila nikitaja vitabu vya upelelezi nilivyosoma ujanani wanacheka, wanasema hiyo sio fasihi. Nimenyamaza, siku hizi naenda nasikiliza tu. Mzee wa Mafinga

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imeniuma, na hawa vijana nawajibu mimi.

Vijana wa Mafinga, Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa hadithi ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapwa kitabu 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake amesomwa na vizazi. Baada yake wakaja kina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, na hao ndo waliowafanya watu wasome. Dereva wa lori alisoma, muuguzi wa zamu ya usiku alisoma, mwanafunzi alisoma chini ya blanketi kwa tochi huku baridi ya Mafinga inapiga. Anayesema sio fasihi akae chini ajaribu kuandika kurasa 150 ambazo msomaji hawezi kuziweka pembeni, ndo aje tuongee.

Mzee wangu, kama bado unazo zile kopi za zamani, shika moja uende nayo. Usiitetee. Wasomee sura ya kwanza halafu funga kitabu pale pale mambo yanapoanza kuwa magumu, ukae kimya. Wakikuomba uendelee waambie wakiweke kwenye ratiba ya mwezi. Na nyie vijana mkinunua riwaya mpya ya mwaka huu muwe na ya mzee pembeni, zisomwe mwezi mmoja zote mbili, mlinganishe mtu anavyojenga wasiwasi. Kopi za mzee muzivalishe karatasi ya kaki na zisomwe hapo hapo kikundini tu zisitoke, nyingine hazipo tena madukani.

Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu shule ya msingi huku Rungwe juu. Nimepata boksi la vitabu vya hadithi, kama arobaini hivi. Nataka watoto wasome lakini naogopa vitaharibika, mvua ya huku unaijua, na nikiwapa waende navyo nyumbani vinarudi na ukungu au havirudi. Pia wadogo wengi nyumbani ni Kinyakyusa tu. Naomba unisaidie mpango. Mwalimu, Rungwe

Ugonile mwalimu. Umeniita dada na nimekubali kwa furaha zote.

La kwanza, vitabu visikae kabatini kwa kuogopa mvua. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa na watoto arobaini kimefanya kazi yake yote, kile kinachobaki kipya kwenye boksi mpaka ukungu ukishike chenyewe ndo hasara. Kwa hiyo kubali kwamba baadhi vitakufa, na wewe panga vife polepole. Visiguse ukuta wala sakafu, weka boksi juu ya meza au mbao. Siku ya jua, na Rungwe siku hizo zinajulikana, toa vyote nje kivulini penye upepo uvifungue, wape watoto kazi ya kugeuza kurasa, watasoma hapo hapo wakiwa wanageuza. Kava zivalishe nailoni ngumu. Mtoto anayepeleka nyumbani apewe na kipande cha nailoni hiyo hiyo cha kukifungia, na sheria ni moja, kitabu hakikai karibu na jiko.

Usianze na kupeleka nyumbani lakini. Muhula wa kwanza anza na dakika kumi kila siku kabla ya kipindi cha mwisho, wewe unasoma kwa sauti, wao wanasikiliza. Hakuna maswali baadaye, hakuna kuandika muhtasari, nakuomba sana hapo, manake mtoto akishajua kila hadithi inaishia na maswali matano ubaoni ataanza kuichukia hadithi kabla hujafungua mdomo. Hawa wadogo wa Kinyakyusa tupu soma sentensi kwa Kiswahili, simulia kipande kwa Kinyakyusa, rudi kwenye Kiswahili. Baada ya wiki chache wataanza kukutangulia kusema sentensi inayofuata, na siku mtoto akikusahihisha umeruka mstari ujue huyo anasoma.

Muhula wa pili ndo vianze kutembea. Gawa wawili wawili, mkubwa na mdogo wanaokaa njia moja, mkubwa anasaini. Kila Ijumaa kitabu kinarudi na mtoto anasimama anawaambia wenzake kitu kimoja tu kuhusu hadithi aliyosoma, kisha yeye mwenyewe anachagua nani ampe wiki inayofuata. Acha wachague wao, wanajua nani atapenda nini.

Arobaini zitaisha haraka ukienda hivi, kwa hiyo anza kutafuta vingine mapema. Ukishuka Mbeya mjini pita maktaba ya mkoa, ipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, uliza wana utaratibu gani kwa shule. Waandikie pia Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, wapo tangu 1991 na kazi yao ni vitabu vya watoto vya Kiswahili. Barua yako iwe na muhuri wa shule, idadi ya wanafunzi na majina ya vitabu ambavyo watoto wameshavimaliza, na ambatisha karatasi moja mbili ambazo watoto wenyewe wameandika ni hadithi ipi wanataka iendelee.